Plagi Yenye Uzi wa Njano

Kopo la vifungo la Shangazi Akoth lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, na kifuniko chake kilikuwa kigumu tangu nikiwa mtoto. Wiki mbili baada ya kumzika nilikaa sakafuni nyumbani kwake hapa Suna, nikakifungua kwa mgongo wa kijiko, nikamwaga vifungo vyote juu ya leso ili niwagawie wasichana aliokuwa akiwafundisha kushona. Katikati ya vifungo ikaanguka plagi ya gari. Niliijua kabla sijaiokota, kwa sababu ya harufu. Miaka yote hiyo ndani ya kopo, na bado ilinuka petroli iliyoungua, kwa mbali. Shingoni ilikuwa imefungwa uzi wa njano.

Babu yangu alikuwa na watoto wanne. Wa kwanza ni Baba, wa pili Shangazi Akoth, wa tatu Shangazi Anyango, na kitinda mimba ni Baba mdogo Ouma. Naomba uwashike hivyo hivyo, kwa mpangilio huo, maana mpangilio ndio uliotutia matatani.

Tuliishi Suna, katika nyumba ya mabati yenye baraza ndefu. Baba alikuwa karani kwenye mizani ya miwa kule Awendo, Mama alikuwa na kibanda cha nafaka sokoni, na Shangazi Akoth aliishi nasi akishona barazani. Mimi nilikuwa darasa la nne, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa chini ya meza ya cherehani nikiokota pini na vifungo vilivyodondoka. Kutoka pale chini nililiona gari letu vizuri. Lilikuwa stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, na lilikuwa limesimama uani kwa muda mrefu hadi kuku walianza kutaga chini yake.

Gari hilo lilikuwa na kikohozi. Likiwashwa lilitetemeka, likaruka, likatoa moshi mweusi, na kwenye mlima mdogo wa kutokea kwetu lilikuwa linaishiwa nguvu kabisa. Baba alisema ni plagi zimezeeka. Alikuwa akizitoa mara kwa mara siku za Jumapili, anazisugua kwa msasa, ananionyesha ncha zake mojamoja. Plagi nzima, alinifundisha, ncha yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Yenye masizi inakula mafuta bure. Iliyolowa oili ina shida kubwa zaidi. Nilishika somo hilo kuliko hesabu za shule, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na zile dakika za kuinamia boneti pamoja naye nilizipenda sana.

Mwishowe alinunua plagi mpya nne. Akaziweka juu ya kabati la vyombo, bado zimo ndani ya visanduku vyake vidogo, na hapo zikakaa. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, mahindi yakapaliliwa mara ya pili, plagi zipo tu juu ya kabati. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kazini kwa lori la kiwanda.

Wakati huo huo kulikuwa na mtu wa Mfangano, mfanyabiashara wa samaki, aliyetaka kumwoa Shangazi Anyango. Anyango alikuwa akiishi na Nyanya nyumbani, upande wa Homa Bay. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wageni wa kuleta ng'ombe hawangeweza kupokewa bila Baba kuketi pale kama mkubwa wa boma. Kila Nyanya alipotuma mtu kuuliza, Baba alijibu kitu kimoja: gari haliwezi kufika Homa Bay na plagi hizo. Mjumbe anakunywa chai, anatazama gari, anatazama visanduku juu ya kabati, anaaga.

Mimi nilimwamini Baba kabisa. Niliona jambo lenyewe liko wazi, kwamba Shangazi Anyango anakosa bwana kwa sababu Baba hapati nafasi. Jioni moja kwenye maombi ya nyumbani zamu yangu ilipofika, nilifumba macho nikamwomba Mungu kwa sauti ampe Baba muda wa kubadilisha plagi. Mama akakohoa. Shangazi Akoth akaziba mdomo kwa leso, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Baba alisema "Amina" kama wengine, lakini usiku huo hakunipa ile mifupa ya samaki ambayo huwa ananiachia niinyonye.

Nilichokuwa sijui ni kwamba plagi hazikuwa na neno. Neno lilikuwa Shangazi Akoth. Kwetu Wajaluo mdogo haolewi kumpita mkubwa. Kila kitu kinafuata kuzaliwa: nani aanze kupanda mbegu, nani aanze kuvuna, nani ajenge kwanza. Sisi tulikuwa Wasabato, Baba alikuwa shemasi, na alipenda kusema kwamba mila za zamani tuliziacha mtoni tulikobatiziwa. Hii moja ilijua kuogelea. Akoth alikuwa hajaolewa, na Baba hakutaka kuketi kwenye kiti cha Babu apokee ng'ombe wa Anyango huku Akoth akipita mbele ya wageni amebeba maji ya kunawa. Wala hakutaka kusema hivyo waziwazi, maana angemwaibisha dada yake. Basi akasema ni plagi.

Kisha ukaja ujumbe wa mwisho. Mtu wa Mfangano amechoka. Jumapili hii atafika na wazee wake, na asipomkuta Baba, ng'ombe watarudi walikotoka na hatakuja tena. Ili tuwahi, ilibidi tuondoke Jumamosi asubuhi, tusali kanisani kwa Nyanya, tulale huko. Baba alisikiliza, akamshukuru mjumbe, akaeleza habari ya plagi.

Ijumaa hiyo nilirudi kutoka shule nikamkuta Shangazi Akoth barazani, mguu uko juu ya kanyagio la cherehani lakini haukanyagi. Mama alikuwa bado sokoni. Shangazi alikuwa akiangalia gari. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama najua Baba anavyotoa zile plagi. Nikasema najua. Akavua kidole chake cha chuma cha kushonea, akakiweka mezani, akainuka.

Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke amefungua boneti, na nadhani yeye pia hakuwa amewahi. Lakini cherehani yake aliifungua mwenyewe skrubu kwa skrubu kila mwezi, akaitia mafuta, akairudisha, na kwake mashine ilikuwa mashine. Nilimletea spana ndefu ya plagi. Alijifunga leso kiunoni, akazungusha, akasonya mara moja tu pale ya kwanza ilipokataa, akaiegemea kwa uzito wake wote mpaka ikalia na kulegea.

Ili zisichanganyike, alifanya kama fundi wa nguo. Alikata nyuzi za rangi nne, akaifunga kila plagi shingoni ilipotoka. "Huyu wa mbele ni baba yako," akasema, akamfunga uzi mwekundu. Yeye mwenyewe akajipa wa njano. Anyango akapewa buluu, Ouma kijani. Tukazipanga juu ya kifuniko cha sufuria, nami nikaanza kumsomea ncha kama nilivyofundishwa. Baba alikuwa na masizi matupu. Anyango alikuwa amelowa oili. Ouma naye mweusi kama chungu.

"Na mimi?" akauliza.

Niliinua ile yenye uzi wa njano nikaigeuza kwenye mwanga. Ncha ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, safi kabisa. Nikamwambia, "Wewe ni mzima, Shangazi."

Alicheka kidogo. Akazileta zile mpya kutoka juu ya kabati, akaanza kuzikaza.

Tungeishia hapo tungekuwa tumefaulu. Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kuacha uchafu. Zile kebo nne zinazopeleka moto kwenye plagi zilikuwa na vumbi na mafuta, akazichomoa zote, pande zote mbili, akazipangusa vizuri kwa kitambaa. Upande mmoja zinaingia juu ya plagi. Upande wa pili zinaingia kwenye kile kifuniko cheusi cha duara kinachogawa moto, distributa. Palikuwa na matundu manne, yamezunguka. Shangazi alishika kebo ya kwanza akatazama matundu. Mimi nilijua tundu la kwanza, la Baba, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelichora msalaba mdogo mweupe. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na shaka, si yeye, si mimi. Unaanza na wa kwanza, unazunguka: Baba, Akoth, Anyango, Ouma. Nani atagawa kitu chochote kwa namna nyingine? Hata nyama ya kuku kwetu iligawiwa hivyo.

Aliingia akaketi kwenye usukani, akageuza ufunguo. Gari likasota, likasota, kisha likapiga kishindo kikubwa, moshi ukatoka juu ya injini, na kuku wote wakapita juu ya ua kwenda kwa jirani. Jirani akauliza kutoka upande wa pili kama tuko salama. Shangazi akajibu kwa adabu kwamba tuko salama. Akajaribu mara ya pili, likapiga tena. Akatoka, akafunga mlango wa gari polepole, akarudi kuketi kwenye cherehani yake, mikono myeusi ameiweka mapajani. Mimi nililia. Niliamini kwamba tumeliua gari, na kwamba sasa Anyango hataolewa kamwe, na kosa ni langu.

Baba alishuka kwenye lori jua likiwa limeinama, pengine limebaki saa moja lizame. Msabato yeyote atakuambia maana ya jua hilo. Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na spana haiguswi mpaka jua la Jumamosi lizame tena. Mama alikuwa amesharudi, chakula cha kesho kimeiva, viatu vimepigwa rangi, maji ya kuoga yako motoni. Nilimkimbilia Baba nikamwambia kila kitu kwa mfululizo, uzi, kebo, kishindo, kuku.

Alitazama boneti iliyo wazi. Akatazama jua. Kisha akaketi barazani, akaanza kufungua kamba za viatu bila haraka. Mimi sikuelewa. Sasa ninapokumbuka ndipo naona alichokuwa amepewa siku hiyo. Hakuhitaji tena kusema uongo. Gari lilikuwa limeharibika kweli, na Mungu mwenyewe alikuwa anakuja kumkataza kulitengeneza. Kilichotakiwa kwake ni kuoga taratibu.

Shangazi Akoth hakuinuka pale alipokuwa. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa Dholuo, lakini maneno yake ninayo hadi leo.

"Omera, ukitaka nisimame mlangoni mpaka nizeeke, na Anyango asimame nyuma yangu, sema hivyo. Mimi nitasikia. Lakini usiniambie ni plagi."

Omera ni kaka. Baba alikaa na kiatu kimoja mkononi. Mama alikuwa ametokea mlangoni na mwiko, akarudi ndani. Nilitazama jua likigusa miwa ya ng'ambo, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, nikafika karibu mia mbili. Ndipo Baba akavaa kile kiatu tena, hakukifunga hata kamba, akaenda kwenye gari.

Hakutugombeza. Alichomoa kebo tatu, akaacha ile ya tundu lenye msalaba, akatuita tuone. Nadhani alimwita Shangazi hasa, mimi nikajipenyeza katikati. Aliyagusa matundu kwa kidole akihesabu: wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili. Ndivyo moto unavyokwenda.

Shangazi aliinama akatazama kwa makini, kama anatazama mshono wa mtu mwingine.

"Kwa nini wa tatu anamtangulia wa pili?"

"Ndivyo injini ilivyoundwa. Ukimlazimisha wa pili atangulie, haiwaki. Si umejionea?"

Alipomaliza kusema hivyo mkono wake ukasimama. Kebo ya mwisho, ile ya wa pili, ilikuwa bado hewani.

"Kwa hiyo wa pili ni wa mwisho," Shangazi akasema.

"Injini haina mwisho. Inazunguka. Zamu yake inafika."

"Na akiwa anangoja, ameharibika?"

Baba aliitazama ile kebo. "Hapana," akasema. "Hajaharibika."

Akachomeka kebo ya mwisho, akaikandamiza kwa kidole gumba. Mimi nilidhani wanazungumza juu ya gari. Nilishangaa tu kuona Shangazi anajifuta macho kwa mkono wenye grisi, akajiachia mstari mweusi shavuni, na Baba anajifanya anatafuta kitu kwenye betri.

Gari likawaka mara moja. Halikutetemeka hata kidogo, lilinguruma sawasawa kama cherehani ya Shangazi akishona mshono mrefu. Baba akalizima, akashusha boneti, akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, na kabla hajamaliza kujipangusa jua likazama. Tulikaribisha Sabato tukiwa tunanuka petroli. Katika sala yake Baba aliomba tulindwe kwenye safari ya kesho. Ndivyo sote tulivyojua kwamba tunakwenda.

Jumapili ng'ombe walipokewa. Baba aliketi kwenye kiti cha Babu. Shangazi Akoth alipita na maji ya kunawa, kwa mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho, na bibi mmoja wa upande wetu akauliza kwa sauti ya kusikika kama huyu ndiye mkubwa aliyerukwa. Nilitaka kummwagia yule bibi maji yote. Shangazi akamjibu kwamba ndiye, na kama angependa kushonewa blauzi, anapatikana Suna. Watu wakacheka, na bibi akacheka pia kwa kukosa la kufanya.

Mimi nilirudi Suna nikiwa na kazi mpya. Baba alikuwa amesema zamu ya wa pili inafika, na Baba hakosei habari za injini, basi nikawa naingoja. Kila mwanamume aliyeleta kitambaa barazani nilimkagua kutoka chini ya meza, kuanzia viatu. Kulikuwa na mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa mara tatu mfululizo, nikaanza kumwekea kiti chenye mgongo. Kumbe alikuwa na suruali ndefu tu. Baba mdogo Ouma alioa. Watoto wa Anyango wakaanza shule. Mimi nikakua, nikaacha kukaa chini ya meza, na sijui ni siku gani niliyoacha kungoja.

Nikiwa mtu mzima ndipo Mama aliponieleza kilichokuwa kinamsumbua Baba, na haikuwa aibu ya wageni peke yake. Kwa desturi yetu binti asiyeolewa akifa hazikwi ndani ya boma la wazazi wake. Anazikwa nje ya ua. Baba aliogopa kwamba Akoth akirukwa mara moja, atarukwa moja kwa moja, na iko siku yeye atalazimika kusimama aone dada yake akiwekwa nje. Nilipolijua hilo nililia kuliko siku ya kile kishindo. Nilikuwa nimemwona kama mtu mvivu wa plagi.

Shangazi hakuolewa. Alinunua kiwanja hapa Suna, akajenga vyumba viwili, akaweka cherehani nne na wasichana wa kufundisha. Mwaka huu alipofariki, wazee wa nyumbani walikuja kuuliza atazikwa wapi, na waliuliza kwa namna ya watu wenye jibu tayari. Baba ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Aliwaambia kwamba Akoth ana boma lake, lina lango na lina ua, na mtu hazikwi nje ya kwake. Akaenda mwenyewe akachora mstari ardhini kwa fimbo, mbele ya mlango wake, ndani.

Plagi nilimpelekea jioni ya siku ile niliyofungua kopo. Nilimkuta Baba barazani, nikaiweka mkononi mwake bila kumwambia ni nini. Macho yake yamefifia, lakini aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza kama alivyokuwa akifanya zamani, akatazama ncha kwa muda mrefu. Kisha kidole chake kikaugusa ule uzi.

"Ilikuwa wapi?"

Nikamwambia, kwenye kopo la vifungo la Shangazi.

"Hii haikuwa imeharibika," Baba akasema. "Angalia rangi. Ilikuwa inawaka vizuri siku zote. Na mimi sikumwambia."

"Alijua, Baba," nikamwambia. "Nilimwambia siku ile ile."

Aliitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.